Kiharusi: aina zake na vyanzo vyake

Kiharusi hutokea damu inapoacha ghafla kufika sehemu ya ubongo. Wengi hapa Pwani hudhani ni upepo mbaya, wakapoteza saa muhimu wakihangaika na tiba za nyumbani.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza, inayowapata wengi zaidi, husababishwa na bonge la damu kuziba mshipa. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kuvujia ubongoni. Kipo pia kiharusi cha muda, ambacho dalili zake huondoka zenyewe. Hilo ni onyo, lisipuuzwe.

Chanzo kikubwa ni presha, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Vingine ni kisukari, sigara, mafuta mengi kwenye damu na mapigo ya moyo yasiyo sawa.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mkimbize mgonjwa hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya ubongo kupigwa picha. Usimpe aspirini nyumbani: ikiwa mshipa umepasuka, itazidisha kuvuja.