Juliana, ugonjwa wa wenzetu

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa mkoani Kagera. Neno UKIMWI lenyewe lilikuwa bado halijazoeleka. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyoingia kwa magendo kutoka Uganda. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma na maduka yalikuwa matupu, kwa hiyo aliyevaa Juliana alijulikana kuwa mtu wa magendo. Vijana hao walipoanza kukonda na kufa, maelezo yalipatikana upesi: wamewadhulumu Waganda mali zao, wamerogwa. Sisi tuliokuwa watoto tulisikia jina hilo wakubwa wakishusha sauti.

Hofu ya namna hiyo ina raha yake. Ambaye hakumdhulumu Mganda alilala usingizi.

Karagwe, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kyerwa hadi ilipogawanywa mwaka 2012, ilikuwa na sababu nyingine ya kulala. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta virusi kwa watu wazima 24 katika kila 100 mjini Bukoba, na Karagwe kwa wanne hadi watano tu. Ungeweza kusema huu ni ugonjwa wa watu wa ziwani. Lakini gari lililopeleka kahawa mjini lilirudi na abiria, na Murongo mto hauzuii mtu kwenda ng'ambo. Aidha, aliyeugulia mjini alirudi kuuguzwa kwa mama yake.

Hapo wasiwasi ukageuka. Swali la nani kamroga likafifia, yakaja ya nyumbani: je, kikombe chake kinaambukiza? Nani atamwogesha? Kibanja kitabaki na nani, ikiwa wanaochimbiwa makaburi humo ni vijana na anayebaki ni bibi na wajukuu? Misiba ilizidi hata siku za matanga zikapunguzwa, jambo ambalo wazee wasingelikubali zamani. Wazazi nao wakaanza kuuliza habari za vipimo vya damu kabla ya kupokea mahari. Kwa maoni yangu, maswali haya ya nyumbani yalifanya kazi ambayo mabango hayakuiweza. Bukoba mjini wale 24 walishuka hadi 18 mwaka 1993, na 13 mwaka 1996.

Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, hofu ya kufa ikapungua, ikaingia ya kuonekana kwenye foleni. Wapo waliovuka wilaya nzima kufuata vidonge vilivyokuwa jirani. Corona nayo ikafanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi: mwaka 2020 tuliogopa kupeana mikono, na chanjo ilipofika Julai 2021 wengi wakaiogopa sindano kuliko ugonjwa.

Kisha Marburg. Machi 2023 iliua watu sita wilayani Bukoba, na Januari 2025 ikatangazwa Biharamulo. Siku ya tangazo hilo la pili, msikilizaji wa kwanza kunipigia simu hakuuliza dalili wala kinga. Aliuliza, "Ni wa kabila gani hao?"