Nyumba ya Mbao ya Kihonda

Wadau, kuna picha imeninyima usingizi wiki nzima. Ni ya bibi yangu wa Kihonda, anaitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti chake cha ubatizo. Nyuma mtu kaandika kwa penseli: "Nyumba ya Mjerumani, Kihonda, 1905".

Nyumba ni ya mbao tupu, imenyanyuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, ina baraza na paa la bati. Mzungu kakaa kwenye kiti. Pembeni yake kasimama mtoto wa miaka kama kumi ameshika birika. Bibi anasema mtoto huyo ni baba yake. Picha nyingine ya baba yake hana.

Bati ndilo lilianza kunichanganya. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Kabla ya hapo mizigo ilikuja vichwani mwa wapagazi, kila mmoja na kilo kama 30. Haishindikani, wamisionari wa Kikatoliki walikuwa Morogoro tangu 1882 na hawakusubiri treni. Nikasema labda jamaa alikuwa na hela zake.

Halafu nikaona juu ya kila nguzo, kati ya jiwe na mbao, kuna kipande cha bati kingo zake zimekunjwa kuelekea chini. Nilidhani ni pambo. Fundi mmoja wa Maghorofani alinicheka: hiyo ni ya mchwa, kaka. Haimuui, ila inamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje, pale utakapomwona. Aliyejenga hivi hakuwa mgeni na nchi hii.

Lakini kilichoniua ni mkonge. Nyuma ya nyumba upo mistari kwa mistari kuelekea Uluguru, na mingine imeshatoa milingoti. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Inasemekana katika miche 1,000 ilipona 62 tu, nayo ikapandwa huko Tanga. Mmea mmoja hutoa mlingoti mara moja, kwa kawaida baada ya miaka minane au zaidi, kisha unakufa. Na sioni nani angepanda shamba zima hapa kabla ya kuwa na uhakika wa treni, maana nyuzi ni mzigo mkubwa wa bei ndogo. Piga hesabu: 1907 jumlisha nane. Tuko 1915, tena kwa haraka sana.

Agosti 1916 majeshi ya Smuts yakaingia Morogoro, Wajerumani wakakimbilia kusini. Baada ya vita mashamba yao yalitaifishwa na kuuzwa, mengi yakachukuliwa na Wagiriki na Wahindi. Kwa hiyo hata huyo "Mjerumani" wetu anaweza kuwa Mgiriki!

Nilifurahi kama dakika tano hivi. Kisha nikakumbuka kwamba baba yake bibi alichukuliwa upagazi katika vita hiyo hiyo akiwa ameshaoa. Mtoto wa miaka kumi mwaka 1915 hawezi kuwa yeye.

Jumamosi nikaenda. Shikamoo, marahaba, chai, nikazungukazunguka mpaka nikasema. Bibi aliishika picha karibu na dirisha, kimya. Nilijuta kwa nini sikunyamaza.

"Na huyu je, mjukuu wangu?"

Kidole chake kilikuwa kwenye nguzo ya baraza. Kuna mwanaume pale, mtu mzima, sikuwahi kumjali kwa sababu kichwa chake kimetoka ukungu. Alijitikisa wakati wa kupigwa.

"Baba hakuwa mtu wa kutulia," akasema.

Nimeiskani na kuikuza hadi ikawa nukta nukta. Uso haupo kabisa, linaonekana sikio la kushoto tu. Bibi kaniomba yale maandishi ya 1905 nisiyafute.