Vuli Haipukutishi Majani

Iandikie programu ya kutafsiri neno la Kiingereza "autumn", na mara nyingi itakujibu "vuli". Jibu hilo limeshazoeleka. Ndilo linaloandikwa chini ya picha za barabara za Vermont au Quebec, miti imewaka nyekundu na manjano pande zote mbili: "rangi za vuli". Msomaji wa Morogoro akikutana na maneno hayo ana haki ya kucheka. Vuli anayoijua yeye ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba. Ni mahindi ya vuli, ni utelezi wa njia ya Matombo, ni milima ya Uluguru kujifunika mawingu tangu mchana. Huo ni wakati wa majani kuota. Jani likianguka wakati wa vuli, limeangushwa na upepo au na mbuzi.

Mfasiri wa kwanza alitazama kalenda, na kalenda ikampa miezi inayokaribiana. Lakini Kiswahili hakigawi mwaka kwa majani. Masika na vuli ni majina ya mvua. Kusi na kaskazi ni majina ya pepo. Kipupwe ni ubaridi wa katikati ya mwaka, na demani ni kipindi ambacho kusi inalegea na mabaharia wanapumua. Kwa hiyo mtu akilichukua jina la mvua akalibandika kwenye majira ya majani makavu, anakuwa amepoteza vitu viwili: cha wenzetu hakukieleza, na chetu amekichafua. Waingereza wenyewe wamelihangaikia jambo hili. Kabla ya neno lao la Kilatini kuenea, majira hayo waliyaita kwa jina la mavuno, na Wamarekani mpaka leo wanayaita kwa neno lenye maana ya kuanguka, yaani kuanguka kwa jani.

Tafsiri iliyo sahihi ipo na imetumika siku nyingi: majira ya kupukutika kwa majani. Ndefu, kweli, lakini haidanganyi. Mimi ningeongeza jambo moja kwenye kitenzi. Kinachopukutika kinaanguka chenyewe, kama vile hakuna aliyekusudia. Jani halianguki hivyo. Mti hurudisha kwenye matawi na shina sehemu ya virutubisho vilivyokuwa ndani ya jani, kisha penye mwanzo wa kikonyo hujenga tabaka la seli dhaifu, na hapo jani linakatika. Nyuma yake kidonda kimeshazibwa. Mti ndio unaotenda, jani linatendwa. Ndiyo maana kwa miti yenye tabia hiyo naona istilahi bora ni miti ya kupukutisha majani, na ile isiyo na tabia hiyo ni miti ya kijani daima.

Rangi nazo zina maelezo yake. Jani ni la kijani kwa sababu ya umbijani, ambao vitabu vingine huuita klorofili. Mti unapoacha kuutengeneza, kijani hufifia na manjano ya karotenoidi, iliyokuwamo humo muda wote, huonekana. Wekundu ni habari nyingine. Huo unatokana na anthosianini, na katika miti mingi ya nchi za baridi hutengenezwa upya siku za mwisho za jani. Huko ishara ya kuanza ni siku kufupika na baridi kuingia. Vermont tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kabisa wa mwaka hupita saa sita. Morogoro, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, tofauti hiyo haifiki hata saa moja. Mti wa Morogoro hausubiri siku ifupike. Unapima ukame.

Na si kila mti unaoupima. Mtu akishuka kwenye basi la Dar es Salaam, akainua kamera kuelekea Lupanga, kilele cha mita 2,138 kinachoutazama mji, atapata kijani mwezi wowote. Uluguru ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, na miteremko yake inayoelekea Bahari ya Hindi hupokea mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu wa namna hiyo hauna sababu ya kujivua nguo wote kwa pamoja. Jani moja linaanguka leo na jingine kesho, na jicho halioni kilichopungua.

Anayetaka kuona pukutiko la kweli, jani kugeuka jekundu likiwa kwenye tawi kisha kudondoka, aanze na mkungu. Sizungumzii mkungu wa ndizi. Nasema ule mti wa kungu wenye matawi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, unaopandwa kwa ajili ya kivuli katika miji ya pwani na mpaka huku bara. Ukipiga ukame majani yake mapana huingia rangi ya chungwa, halafu nyekundu iliyoiva, na anayefagia uwanja hulalamika. Ni mti wa uani kiasi kwamba hakuna anayefikiri kuupiga picha. Anayetaka msitu mzima aelekee upande wa Dakawa na Turiani, kwenye mitiki ya Mtibwa. Huko majani makubwa kama sinia hukauka rangi ya kahawia na kulala chini, na ukikanyaga unasikika mbali. Hakuna wekundu pale. Kwa picha ya rangi, mitiki hainivutii sana. Kwa picha ya mistari ya mashina matupu, ni mahali pazuri.

Lakini kitu kinachoweza kushindana na picha za Vermont kiko magharibi ya mji, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Ukipita Mzumbe, Melela na Doma, barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kuikatiza kwa takriban kilomita 50. Bondeni kuna mbuga ya nyasi. Vilimani kuna miombo: mitundu, mitondoro na jamii zake. Miti hii hupukutisha majani ukame unapokolea, na kupukutisha kwenyewe si tamasha kubwa, ni manjano na kahawia iliyopauka kwa vumbi. Tamasha linafuata baadaye. Kati ya Septemba na Oktoba, ardhi bado kavu na mvua haijanyesha, miti inatoa majani mapya kwa maji iliyoyaweka shinani na yanayofikiwa na mizizi ya chini sana. Majani hayo machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine zambarau iliyochanganyika na waridi. Baada ya muda mfupi umbijani hujaa na msitu unakuwa wa kijani kama misitu mingine.

Rangi ni ya anthosianini ileile. Wataalamu hutaja kwamba huenda inalikinga jani laini dhidi ya jua kali na dhidi ya wadudu. Lakini majira yamepinduka: kwa wenzetu wekundu ni wa jani linaloaga, kwetu ni wa jani linalozaliwa. Zimbabwe, ambako mtundu huitwa msasa, wekundu huu una sifa kubwa na watu husafiri kwenda kuuangalia. Kwetu mabasi yanaupita, abiria wakiwa wamekaza macho upande wa pili kumtafuta tembo.

Sasa neno "vuli" linakuwa na hasara halisi. Mpiga picha aliyeambiwa kwamba majani mekundu ni mambo ya vuli atasubiri mvua zianze. Akifika Mikumi Novemba mwishoni atakuta kijani kitupu, aseme hakuna kitu. Rangi anazozitaka zilipita kabla ya tone la kwanza.

Nako kuzipiga kuna mambo yake. Karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri linakuwa juu ya utosi wa Morogoro, halina kivuli wala huruma; jani jekundu chini ya mwanga huo linaonekana kama lililoungua. Jani hili lapendeza mwanga ukitokea nyuma yake, upenye ndani. Kwa kuwa barabara inatoka mjini kuelekea kusini-magharibi, anayetoka Morogoro asubuhi analiacha jua mgongoni na kupata picha bapa. Afadhali kulala Mikumi mjini, kisha kurudi kuelekea Morogoro mapema, jua likiwa mbele. Saa moja asubuhi mwanga ni mzuri. Saa mbili umeshaanza kukauka, maana huku jua hupanda wima. Moshi wa mioto ya nyika huipaka hewa ukungu wa kijivu, kwa hiyo kilima kilicho karibu hutoa picha safi kuliko safu ya mbali. Kamera au simu ukiiacha ijiamulie rangi, hudhani wekundu ni kosa la mwanga na kuupoza. Chagua alama ya jua. Na ndani ya hifadhi si mahali pa kusimama na kushuka garini ovyo. Kuna wanyama, na kuna malori ya mizigo ya Zambia na Kongo.

Kwa tukio hili hatuna istilahi iliyokubalika. Mimi napendekeza "mchipuo mwekundu": "mchipuo" linaeleza tendo, "mwekundu" linatenga tukio hili na kuchipua kwa kawaida kunakofuata mvua. "Rangi za vuli" lisitumike kwa Mikumi wala kwa Vermont. Kwa Vermont tuseme rangi za pukutiko.

Istilahi hainyooki bila ushahidi, na ushahidi huu mwepesi wa kuukusanya uko kwenye simu za wasafiri wa barabara ile. Ukipiga picha ya majani mekundu kati ya Doma na Mikumi, iandikie tarehe, mahali, na jina la mti kama wanavyoutaja wenyeji, liwe la Kiswahili, la Kiluguru au la Kividunda.