Majina Mengi, Mgomba Mmoja

Ndizi zinazoshushwa Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka Masisi na Rutshuru zina majina chungu nzima: za kupika mbali, za kukamua kasiksi, pombe ya ndizi, mbali. Kwa muda mrefu wingi huo wa majina ulihesabiwa kuwa wingi wa mbegu. Hata mtafiti Deborah Karamura, alipozigawa ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, jamii yenye nyingi ya ndizi hizi, katika makundi matano mwaka 1998, alitegemea sura ya mmea na tunda. Alama za vinasaba zikaja na historia nyingine. Mwaka 2016 Mercy Kitavi na wenzake walipima vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia, ambavyo idadi ya marudio yake hutofautiana baina ya mimea isiyo na udugu wa karibu. Ndizi hizo zikaonekana karibu sawa zote, uzao wa mgomba mmoja. Si ajabu sana: mgomba huu kwa kawaida hauzai mbegu, wakulima huuendeleza kwa machipukizi.

Mkulima wa Masisi ana haki ya kuuliza: mkungu mchungu na mkungu mtamu watakuwaje ndugu? Lakini alama hizo hupima ukoo, hazipimi ladha. Badiliko dogo la kinasaba, lisilogusa alama zilizopimwa, laweza kubadili tunda, na aliyeliona, akalitenga na kulipa jina ni mkulima mwenyewe. Kwangu mimi, utafiti huu umemwongezea heshima.

Uzito wa jambo hili uko kwenye ugonjwa. Mnyauko wa bakteria, ulioelezwa Ethiopia mwaka 1968, ulionekana Masisi mwaka 2001, mwaka uleule ulipoonekana Uganda. Wepesi wa kusema jirani Uganda ndiye aliyeuleta ulipata pingamizi mwaka 2012: alama za vinasaba za bakteria zilionyesha koo mbili, na vimelea vya Kongo na Rwanda vilikaa pamoja na vya Ethiopia, mbali na vya Uganda. Sampuli hazikuwa nyingi, kwa hiyo njia uliyopitia ugonjwa haijathibitishwa. Lakini mlango mmoja hautoshi tena kueleza yote.

Wapo watakaosema maabara haiponyi shamba. Kweli, ila inatueleza kwa nini kuhama kutoka jina moja hadi jingine hakumwokoi mtu: ndugu hawa wote huugua, na ukinzani umepatikana kwa mgomba pori, Musa balbisiana. Kabla ukinzani huo haujafika Masisi, kilichopo ni kukata shina linaloumwa, kupitisha kisu motoni, na kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda.