Ada za ziada za usafiri wa ndege

Ni malipo ambayo shirika la ndege humtoza abiria juu ya nauli kwa huduma zilizokuwa zikitolewa bure, kama vile kubeba begi, chakula, mto, blanketi au kuchagua kiti. Nchini Marekani zilishika kasi mwaka 2008, mafuta ghafi yalipopita dola 140 kwa pipa. Juni mwaka huo American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza. Agosti, JetBlue ikauza mto na blanketi kwa dola 7, na US Airways ikatoza dola 2 kwa soda, hata kwa maji ya kunywa. Ada hiyo ya maji ilifutwa Machi 2009, na ilistahili kufutwa, kwani abiria haruhusiwi kupita ukaguzi na chupa ya maji kutoka nyumbani. Mafuta yaliposhuka bei, ada za mabegi zilibaki. Kodi nayo imezipa nguvu: nauli ya ndani ya Marekani hukatwa asilimia 7.5, ada ya begi haikatwi. Watanzania wengi waliuzoea utaratibu huu kupitia Fastjet, iliyoanza safari Novemba 2012. Huko Marekani, shirika la Southwest, lililoshikilia mabegi ya bure kwa muda mrefu, lilianza kutoza Mei 2025.