Demo Ndiyo Ilikuwa Gemu

Desemba 1993, id Software waliachia Doom: sehemu ya kwanza, levo 9, bure, na ruhusa ya kunakiliana. Zilizobaki, ununue. Kwetu Malindi, CD karibu zote mtaani zilikuwa za kuchomwa, kwa hiyo hiyo demo ilikuwa halali yetu kabisa.

Lakini mimi ninayoikumbuka zaidi ni ya Tony Hawk, skeitibodi ya PlayStation ya 1999. Ghala moja, dakika 2, basi. Dakika zikiisha unampa mwenzako pedi, hakuna kubishania zamu. Gemu kamili ilipokuja, wallahi, ndipo ugomvi ukaanza.

Kebo ya SEACOM ikafika Mombasa 2009. Kupakua kukawa rahisi, na demo zenyewe zikaanza kuadimika.