Abiria 300 wa Kobayashi Maru: Mtihani Usioshindika na Wajibu wa Kuokoa

Filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan, iliyoongozwa na Nicholas Meyer na kutoka Marekani mwezi Juni 1982, inaanza kwa mwito wa dhiki. Kobayashi Maru, meli ya angani ya kubeba mafuta, imegonga bomu la kutegwa na kukwama katika ukanda ambao mkataba wa Shirikisho la sayari na mahasimu wake Waklingoni unazikataza pande zote mbili kuuingia. Ina mabaharia 81 na abiria 300. Anayeupokea mwito huo ni Uhura, mhusika ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Luteni Saavik, aliyekalia kiti cha nahodha, anaamua kuuvuka mpaka akawaokoe. Manowari tatu za Waklingoni zinamkabili, na kufumba na kufumbua maofisa wake wako chini. Ndipo mtazamaji anapojua kwamba huo ulikuwa mtihani, tena umetungwa usishindike.

Watazamaji wengi hawamkumbuki Saavik. Wanamkumbuka James Kirk, mhusika mkuu wa filamu, ambaye zamani zake katika chuo cha maofisa aliufanya mtihani huo mara tatu, na mara ya tatu akaibadili programu ya kompyuta kwa siri ili ushindi uwezekane. Chuo kikampa pongezi rasmi kwa ubunifu. Tangu hapo jina la Kobayashi Maru limekuwa likitajwa katika mafunzo ya uongozi kama sifa ya mtu asiyekubali kushindwa. Makala haya yanapinga usomaji huo. Kirk hakuokoa mtu. Alichookoa ni rekodi yake ya ushindi. Swali la mtihani lilihusu watu 381 waliomo hatarini, na jibu lake liliwafuta.

Uzito wa swali hilo unaonekana vizuri zaidi ukilitazama kwa sheria ya bahari. Mwaka huohuo wa 1982, tarehe 10 Desemba, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulifunguliwa kutiwa saini huko Montego Bay, Jamaika. Ibara yake ya 98 inazitaka nchi ziwalazimishe manahodha wa meli zao kuwasaidia walio hatarini baharini, lakini inaweka sharti: msaada utolewe kwa kadiri nahodha anavyoweza bila kuitia meli yake, mabaharia wake au abiria wake katika hatari kubwa. Sharti hilo ndilo mtihani wenyewe. Hatari ipi ni kubwa? Nani apime, na kwa taarifa gani, wakati sauti ya anayeomba msaada bado inasikika? Sheria imemwachia nahodha upimaji huo. Saavik alipima akaenda. Ambaye angepima akabaki asingekuwa mwoga kwa hilo pekee. Wote wawili wangedaiwa jambo moja: kueleza waliwafikiriaje watu wa pande zote mbili.

Watetezi wa Kirk wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Mwaka 2011, Gregory Conti na James Caroland walichapisha makala katika jarida la IEEE Security & Privacy wakitetea kuwafundisha wanafunzi wa usalama wa kompyuta kudanganya. Waliwapa wanafunzi wao mtihani wa kuandika tarakimu 100 za kwanza za pai na kuwaruhusu kudanganya, mradi wasikamatwe. Lengo lilikuwa kuwazoeza kufikiri kama mshambuliaji asiyefuata kanuni. Katika fani hiyo hoja ina nguvu, kwa sababu adui halisi naye hafuati kanuni. Lakini ujanja wa Kirk ulielekezwa kwa mwalimu, wala si kwa adui. Waklingoni wa kweli wasingebadilishwa na mtu aliyebadili programu ya kompyuta.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika saikolojia. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, walipohamishiwa mahali ambapo wangeweza kuruka na kuziepuka, wengi hawakujaribu. Je, mtihani usioshindika hauwafundishi maofisa kukata tamaa? Unaweza. Ukiishia kwenye milipuko na maiti za kuigiza, unafundisha hivyo hasa.

Hapa mfano halisi unasaidia kuliko filamu. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya United Airlines, safari namba 232, ilipoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki baada ya injini ya mkiani kupasuka. Usukani haukufanya kazi tena. Hakukuwa na utaratibu wowote ulioandikwa kwa hali hiyo. Kapteni Al Haynes na wenzake, wakisaidiwa na Denny Fitch, rubani mkufunzi aliyekuwa akisafiri kama abiria, waliielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki hadi Sioux City, Iowa. Ilianguka uwanjani. Kati ya watu 296, zaidi ya 180 walinusurika. Baadaye marubani waliigiza hali hiyo katika mitambo ya mafunzo, na wachunguzi wakahitimisha kwamba kutua salama kulikuwa karibu muhali. Haynes mwenyewe aliyasifu mafunzo ya ushirikiano ndani ya chumba cha marubani: kapteni kusikiliza, kugawa kazi, kukubali wazo la mwingine. Hakuwa amefundishwa jibu. Alikuwa amefundishwa namna ya kufanya kazi pamoja na wenzake pale ambapo jibu halipo.

Filamu yenyewe, ikitazamwa hadi mwisho, haimpongezi Kirk. Spock, rafiki wa Kirk, anaingia kwenye chumba chenye mionzi ili kuiokoa meli yao, Enterprise, na akiwa anakufa anamwambia rafiki yake kwamba hakuwahi kuufanya mtihani ule mpaka saa hiyo. Kirk naye anakiri kwa mwanawe kwamba kifo hajawahi kukikabili, amekuwa akikihadaa tu. Pongezi za chuo zilikuwa zimemnyima somo kwa miaka mingi.

Kosa la chuo, basi, halikuwa kutunga mtihani usioshindika. Saavik alipolalamika kwamba haukupima uwezo wake wa kuongoza, Kirk alimjibu kwa kauli fupi kuhusu kukabili kifo, akaondoka. Hakuna aliyeketi naye kuuchambua uamuzi wake. Wakufunzi wa marubani, manahodha, madaktari na wanajeshi wanaotumia mazoezi ya aina hii wanapaswa kukitengea kikao cha tathmini muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, na swali la kwanza humo liwahusu waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Taasisi isiyoweza kutenga muda huo isiwape wanafunzi wake mtihani huu.